Maneno Kumi na Moja ya Uongo Katika Kamusi ya Lugha Yetu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kama una kazi jikoni tafadhali imalize kwanza, kwa sababu mimi ni mtu wa kueleza mambo tangu chanzo chake, wanangu husema ukiniuliza saa ngapi nitaanza na historia ya saa, na aibu niliyo nayo haitoshi katika mistari mitatu.

Nina miaka sabini na minne. Kwa miaka thelathini na sita nilikuwa msahihishaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji, yaani yule mtu anayesoma kitabu kabla hakijachapwa akitafuta makosa ya wenzake, na wachapaji walinibatiza Mzee Nukta kwa sababu siku moja nilisimamisha mashine nzima kwa ajili ya nukta iliyokaa mahali pa mkato. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka ujue ni mtu wa aina gani aliyetenda ninayokuungamia: mtu ambaye hajawahi kumsamehe mwenzake hata herufi.

Mimi na dada yangu, aliyenizidi miaka saba, tulizaliwa katika lugha ndogo sana, ndogo kiasi kwamba wasemaji wake wote waliobaki wangeweza kuketi katika chumba kimoja cha darasa na madawati yakazidi. Mimi nilipofika miaka tisa nilipelekwa mbali kwa baba mdogo ili nisome, na huko nilisoma kweli, nikasoma mpaka nikaanza kuota kwa Kiswahili, na dada yangu akabaki na mama, hakusoma, akajifunza cherehani. Basi lugha yangu ya mama ilisimama pale pale nilipoiachia, na mpaka leo, mshauri, mimi ni mzee mwenye mvi ninayezungumza kama mtoto wa miaka tisa: najua kuomba chakula, najua kusema fulani kanipiga, najua kuita na kuitika, lakini ukinitaka nitoe pole au nijadili bei ya shamba naanza kutafuta kikohozi, na wanangu watatu sikuwafundisha hata neno, nikingoja kwanza niijue yote.

Hilo lilidhihirika siku tulipomzika mama. Nilisimama mbele ya waombolezaji nikiwa nimevaa suti, nikataka kuwafariji kwa lugha yao, na maneno pekee ya faraja niliyokuwa nayo ni yale mama aliyoniambia mimi nilipokuwa nikilia, nikayatoa kwa sauti nzito ya mtu aliyesoma: "Nyamazeni, mtapewa." Watu walikuwa wanalia, wakanyamaza kweli, kwa mshangao. Dada yangu akashindwa kujizuia, akacheka huku machozi yanamtoka, akanishika mkono akasema, "Mdogo wangu, watapewa nini, mama mwingine?" Tangu siku hiyo, na sasa ni miaka kumi na tisa, sijasema naye neno hata moja la lugha yetu, namsalimia kwa Kiswahili sanifu naye ananiitikia kwa Kiswahili cha kuungaunga, kama watu wawili waliokutana benki.

Sasa mwaka jana akaja binti mmoja mtafiti kutoka chuo, mpole, mwenye kinasa sauti kidogo kama kiberiti, anataka kutunga kamusi ya lugha yetu kabla haijatoweka, ili watoto wagawiwe waisome. Kila aliyemuuliza nani anaijua vizuri alimwambia nenda kwa Mzee Nukta, yule amesoma. Hakuna aliyefikiri kwamba nilichosoma si hicho. Na mimi nilipomwona mlangoni na daftari lake, nikaombwa kiti na kalamu na hekima, ningewezaje kusema hapana? Nilivaa koti.

Aliniuliza, "Mzee, yuko mwingine katika ukoo anayeijua?"

Nikamjibu, "Yuko dada yangu, lakini maskini, masikio yamekwisha. Si utamsumbua bure?"

Mshauri, dada yangu anaishi upande wa pili wa mji huu huu, katika chumba nyuma ya mashine ya kusaga, anashona sare za shule, na husikia sindano ikianguka juu ya kitambaa huku mashine inanguruma. Niliogopa tu kwamba atacheka.

Siku tatu za kwanza zilikwenda vizuri, moto, maji, njoo, kaa, kula, yote nayajua, nikawa nafafanua kila neno mpaka betri ya kinasa ikaisha. Siku ya nne tukafika sehemu za mwili. Akaniuliza, "Kope?" Nikafungua mdomo. Neno nilikuwa nalo zamani, najua nilikuwa nalo, mama alilisema kila aliponipuliza vumbi jichoni, na sasa mahali lilipokuwa palikuwa peupe kama ukurasa ambao wino haukushika. Yule binti ananitazama, kalamu iko juu. Na mimi, badala ya kusema sijui, neno lenye herufi tano tu ambalo wengine wote hulitamka bila kufa, nikasema, "Peko."

Wewe umeshajua nilichofanya, kwa sababu hata wewe ulicheza kinyume ulipokuwa mtoto, ule mchezo wa kuitoa silabi ya mwisho na kuileta mbele ili wakubwa wasikuelewe. Kope ikawa peko. Yeye akaandika, akashukuru, nami nikaona kumbe ni rahisi. Kisogo kikawa gokiso, kidevu vukide, kiwiko kokiwi, kwapa pakwa, utosi siuto, kisigino nokisigi, na paja na nyonga na ukucha na unyayo yote nikayapindua kwa uso mkavu. Shavu ndilo lililonishinda, maana ukilipindua linakuwa vusha, na vusha kila mtu analijua, basi nikamweleza kwamba sisi shavu hatuliiti jina, ni upande wa uso tu, na nikaongeza hotuba fupi kuhusu falsafa ya wazee wetu juu ya mashavu. Naona aibu hata kuandika.

Binti ni msomi, aliona kitu. Alirudi baada ya wiki macho yakimng'aa, akaniambia maneno yangu kumi na moja yanaonyesha "uhamaji wa silabi" ambao haujapata kuelezwa na mtaalamu yeyote, ameuwekea tanbihi ya nusu ukurasa, na atauwasilisha mbele ya wakubwa wake wa chuo. Nilimwambia ajihadhari na haraka. Akasema unyenyekevu wangu unamgusa moyo.

Kisha akafungua darasa la Jumamosi kwenye ukumbi wa maktaba, watoto kumi na sita, ukutani mchoro wa mtu mwenye vikaratasi vya majina, na kati ya watoto hao yupo mjukuu wangu wa miaka kumi, ambaye tunamwita Wakili kwa sababu hakubali kitu bila ushahidi. Jumamosi ya pili aliporudi alinikuta sebuleni akasimama mbele yangu.

"Babu."

"Naam."

"Peko. Kope."

Nikamwambia lugha nyingi za dunia zinafanana, mjukuu wangu, kuna nadharia kadhaa.

"Na gokiso? Na pakwa? Babu, sisi darasani tunasema hivi kila siku ili mwalimu asitusikie."

Nikaanza kumweleza nadharia ya kwanza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Buba ngomwo," akaenda kunawa mikono.

Nilielewa, mshauri. Silabi zote zilikuwa mahali pake.

Mpaka hapo ningeweza kuvumilia, ningemhonga peremende. Lakini kuna fundi viatu mmoja, mzee wa kwetu, mwenye kibanda chake karibu na maktaba, ambaye Jumamosi iliyopita alichungulia darasani akavutiwa, akaketi nyuma kabisa na kiatu cha mtu mkononi. Watoto wakaimba majina ya mwili. Baada ya darasa akanijia mlangoni, nilipokuja kumchukua mjukuu, uso umemshuka.

"Mwenzangu, uzee umenimaliza," akasema. "Hata gokiso nimelisahau. Mimi nyumbani nilikuwa nasema—" akalitaja neno lenyewe, neno la kweli la kisogo, na lilipopita sikioni nililitambua jinsi mtu anavyotambua mlango wa nyumba aliyokulia. Mama alikuwa akinipaka mafuta pale.

Nami nikamwambia nini? Nikamwambia, "Hiyo labda ni lahaja ya huko kwenu."

Akatikisa kichwa akasema, "Basi la kwenu ndilo limo kitabuni. La kwangu nililishika vibaya." Akaondoka. Tangu siku hiyo nikipita kibandani kwake ananisalimia kwa Kiswahili.

Sasa prufu za kamusi ziko juu ya meza yangu. Nimepewa mimi nizisahihishe, nani mwingine, na ukurasa wa shukrani umeniandika "mtaalamu mkuu". Nimerekebisha mikato mia moja na kumi na minne. Yale maneno kumi na moja sijayagusa. Zinatakiwa kurudi baada ya siku tisa, kisha zinachapwa, na kila mtoto atapewa nakala yake. Nimejaribu kujitetea: kwani maneno yote si yalibuniwa na mtu? Hata Kiswahili kilibuni maneno ya runinga na kompyuta na hakuna aliyeshtakiwa. Nikisema ukweli nitamwaibisha binti mbele ya wakubwa wake, watoto watajua babu yao ni mwongo, na dada yangu atacheka mpaka cherehani isimame. Nikinyamaza, nitaheshimika, na lugha itakuwa na kamusi nzuri isiyo na kosa hata moja la mkato.

Nifanye nini?

Msahihishaji mstaafu, aliyekosa kusahihishwa


JIBU

Shikamoo mzee wangu. Nimeitanguliza ili usije ukasema mshauri hana adabu, maana nikimaliza hapa huenda nisiwe nayo.

Nimecheka, siwezi kukuficha. Kwenye vusha nilicheka mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini. Nilipofika kwa fundi viatu nikaacha. Na nakuona ulivyo mjanja, umenichekesha kurasa nzima ukitumaini nitakapofika hapo nitakuwa nimeshakusamehe. Sijakusamehe.

Tuanze na utetezi wako, tuutupe. Runinga ilikuja haina jina, ikapewa. Kope haikuja jana. Ilikuwa na jina lake, na wanaolijua wako hai, mmoja anashona sare na mwingine anapiga misumari viatu vya watu. Wewe hukuziba pengo, mzee. Uliwakuta wenye neno ukawafunga midomo: mmoja ukamwita kiziwi, mwingine ukamwambia lahaja. Watoto watapona, kwao ni mchezo na wanaujua mchezo huo kukuzidi. Yule mzee hajui kama ni mchezo. Aliingia pale akiwa na lugha yake nzima kichwani, akatoka akiwa na shaka, na kosa hilo halina kalamu ya kulifuta isipokuwa wewe mwenyewe kwenda kibandani kwake.

Kwa hiyo utakwenda, na utaanza kwake. Usimwite kwako, usimwalike ukumbini mbele za watu. Kaa kwenye kile kibenchi cha wateja, mwambie gokiso ni la kwako, umelitunga, na lile lake ndilo alilokuwa akilisema mama yako. Usieleze nadharia. Ukijisikia unaanza kusema "tangu zamani wataalamu wamegawanyika", jiume ulimi. Kisha muombe alitamke tena, nawe ulitamke, hata likikutoka kitoto.

Kwa binti nenda na zile prufu. Umezunguka kwenye mikato mia moja na kumi na minne kama mwizi anayefagia uwanja wa nyumba aliyoiibia. Chukua wino mwekundu, yakate yote kumi na moja kwa mkono wako, na ile tanbihi, na ule ukurasa unaokuita mtaalamu mkuu. Unasema utamwaibisha mbele ya wakubwa wake. Afadhali aaibike leo mbele yako peke yako kuliko asimame ukumbini akiwasomea maprofesa mchezo wa watoto, kisha profesa mmoja aliyekuwa mtundu shuleni anyooshe mkono. Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake, na wewe usimtulize. Akimaliza, mwambie dada yako anasikia.

Halafu mpeleke. Na hapa ndipo ulipojificha, mzee wangu, nimekuona tangu barua yako ilipofika mazishini. Huogopi aibu ya kamusi. Unaogopa kicheko cha mtu mmoja. Mimi nimeusoma ule mstari mara tatu, na nikuambie nilichokisoma: dada yako alikuwa analia, na alikushika mkono. Umekaa na kicheko miaka kumi na tisa, mkono umeusahau. Siku ile nyote wawili mlikuwa mmefiwa na mtu aliyewaambieni "nyamaza, utapewa", yeye alilitambua neno la mama kinywani mwako, na wewe ukadhani amelitambua kosa. Nenda ukamuulize kama nimekosea. Ukimuuliza, muulize kwa lugha yenu.

Mkifika, kiti kizuri kiwe cha dada yako, wewe tafuta kigoda. Koti liache nyumbani. Usimjibie binti swali hata moja, hata lile unalojua. Na usimwachie binti aulize majina ya viungo peke yake, kama lugha ni duka la nyama. Wewe mwambie dada yako akufundishe mfiwa anaambiwa nini, kwa sababu kamusi yenu, kwa jinsi ulivyoieleza, ina vidole vyote na haina pole.

Kutakuwa na maneno ambayo na yeye amesahau. Hayo yaacheni wazi, muandike kwamba bado yanatafutwa. Wewe uliyesimamisha mashine kwa nukta unajua vizuri kuliko mimi: pengo msomaji analiona, ataliuliza. Uongo uliopangwa vizuri hauulizwi na mtu.

Na Wakili wetu asihongwe peremende. Alikuambia ukweli kwa siri, kwa lugha ambayo wewe peke yako ungeielewa, ili asikuaibishe. Hiyo ni heshima kubwa kuliko uliyopewa kitabuni. Mwombe radhi kwa Kiswahili cha mbele nyuma na nyuma mbele. Kisha acha kumhutubia, zungumza naye. Unalia kwamba lugha yako ina miaka tisa tu, kwamba unajua kuita, kuitika, kulisha na kubembeleza. Kwani mtoto wa miaka kumi anahitaji nini kingine kutoka kwa babu? Hawezi kujadili bei ya shamba, na yeye hana shamba. Anahitaji aitwe chakula kikiwa tayari, akaripiwe akiacha maji yanamwagika, aulizwe nani kakupiga. Hayo yote unayo, na ya kweli, hujapindua hata moja. Wanao watatu uliwanyima kwa sababu ulitaka kwanza uijue yote ndipo uwape. Huyu mpe hivyo hivyo ilivyo, ukiikosa mahali mpeleke kwa bibi yake nyuma ya mashine ya kusaga, mkaulize wote wawili.

Sasa hesabu na mimi. Uliniandikia zimebaki siku tisa. Barua yako imekaa njiani siku mbili, na gazeti limeniweka foleni siku tatu, kwa hiyo leo unaposoma hapa zimebaki nne. Ya leo ni ya fundi viatu. Ya pili ni ya binti na hasira zake. Ya tatu mwende wote kwa dada yako, na kinasa kiwe na betri mpya. Ya nne usipange kitu chochote. Mwanamke wa miaka themanini na moja ambaye hajaulizwa lolote kwa lugha yake miaka yote hii, ukimuuliza maneno kumi na moja, hataishia hapo.